Chambua Mahindi, Linda Ini Lako

Ndugu msomaji, chukua mahindi kiganja kimoja kutoka kwenye gunia lako. Yatandaze juu ya ungo, mahali penye mwanga. Angalia punje moja moja. Nyingi ni nzima na zinang'aa. Lakini utakuta nyingine zimetobolewa na wadudu. Nyingine zimesinyaa. Nyingine zina vumbi la kijani, au la manjano, au jeusi. Vumbi hilo ni kuvu. Wengine huita ukungu.

Tukiiona kuvu hiyo wengi wetu tunapepeta kidogo, kisha tunapeleka mahindi mashineni. Tunasema, "Moto utaua." Leo nataka tuzungumze juu ya punje hizo. Zina uhusiano na ugonjwa mmoja mbaya sana. Ugonjwa huo ni saratani ya ini. Wapo wanaosema kansa badala ya saratani. Ni ugonjwa ule ule.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini njia moja ya ugonjwa huu inaanzia shambani na ghalani. Kwa hiyo bwana shamba naye ana la kusema.

KUVU HUACHA SUMU

Kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi. Zimo katika udongo na zinapeperushwa na upepo. Zikiangukia punje yenye unyevu, mahali penye joto, zinaota. Zikiota zinakula punje. Wadudu nao wanazisaidia. Dumuzi na fukusi wakitoboa punje, wanaifungulia kuvu mlango.

Ziko aina nyingi za kuvu. Aina chache, zikila mahindi au karanga, hutoa sumu. Sumu hiyo tunaiita sumukuvu. Katika sumukuvu, iliyo mbaya kuliko zote huitwa aflatoksini. Ndiyo ninayoisema leo.

Sumu hii haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukushtua. Kuvu unaweza kuiona, lakini sumu yenyewe huioni. Unaweza kuifuta kuvu kwa kitambaa, sumu ikabaki ndani ya punje. Na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali unaivishwa na maji yanayochemka. Sumu hii inavumilia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Hata karanga zikikaangwa, sumu hupungua tu, haiishi.

Tuliijuaje? Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi. Wafugaji walihangaika. Walidhani ni ugonjwa mpya wa kuambukiza. Wataalamu walipochunguza, walikuta kosa liko kwenye chakula. Ndege wale walilishwa mashudu ya karanga, na karanga zile zilikuwa na kuvu. Waliyakagua maini ya ndege waliokufa, wakakuta yameharibika. Hapo ndipo dunia ilipoifahamu aflatoksini.

Watu nao hawakusalimika. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu 125 walikufa. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, watu wakatapika. Hawa walikula sumu nyingi kwa muda mfupi.

Lakini wako wengine, tena wengi zaidi. Hao wanakula sumu kidogo kidogo, leo na kesho na mwaka ujao. Hawatapiki. Wanalima, wanacheka, wanaoa na kuolewa. Sumu inafanya kazi yake polepole.

INI LINAUMIA KIMYA KIMYA

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi. Kazi moja ni kusafisha damu. Sumu ikiingia mwilini kwa njia ya chakula, ini ndilo linaloipokea na kujaribu kuiondoa. Ndiyo sababu ini linaumia kabla ya viungo vingine.

Mwili wako umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vyumba hivyo huitwa seli. Ndani ya kila seli kuna maagizo, mfano wa barua. Barua inaiambia seli ifanye kazi gani, izaliane lini, na iache lini. Seli inapozaa nyingine, barua hiyo inanakiliwa neno kwa neno.

Wewe unajua kusoma na kuandika, kwa hiyo utanielewa. Ukinakili barua ndefu kwa utulivu, kwa karatasi safi, makosa ni machache. Sasa mtu akidondoshea wino juu ya barua, maneno mengine hayasomeki. Aflatoksini ndani ya ini hufanya hivyo hasa. Inanata kwenye barua ya seli na kuharibu maneno. Mara nyingi seli inasahihisha kosa, au inakufa, na mambo yanaishia hapo. Lakini siku moja neno linaloharibika linaweza kuwa lile linalosema "acha kuzaliana." Seli hiyo haitaacha tena. Itazaa, na watoto wake watazaa, mpaka litokee donge. Hiyo ndiyo saratani.

Kuna jambo la pili linaloungana na hilo la kwanza. Nalo ni uvimbe wa ndani.

Ukijikata jembe mguuni, mahali pale panavimba. Panakuwa pekundu, pana joto, panauma. Usiogope. Mwili umepeleka damu na askari wake kupigana na vijidudu na kutengeneza nyama mpya. Baada ya siku kadhaa uvimbe unakwisha nawe unapona. Uvimbe wa namna hii ni rafiki.

Lakini kidonda kile ukikichokonoa kila siku, mwaka baada ya mwaka, itakuwaje? Hakitapona. Askari wa mwili hawataondoka. Watapigana bila kupumzika, na katika kupigana wataumiza hata seli zilizo nzima. Seli nyingine zitakufa, na mpya zitazaliwa haraka haraka kuziba nafasi. Na kila seli mpya ni barua inayonakiliwa upya, tena kwa haraka. Makosa yanaongezeka.

Ini linaweza kuwa katika hali hiyo miaka 20 au 30, na mwenyewe asijue. Ini haliumi mapema kama jino.

Ni kitu gani kinachochokonoa ini namna hiyo? Pombe nyingi ya miaka mingi ni mojawapo. Inaliwasha ini, kisha inalitia makovu. Lakini kwa vijiji vyetu nataka nitaje zaidi homa ya ini B. Hiki ni kirusi. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Watoto wadogo huambukizana wao kwa wao. Watu wazima huambukizwa kwa damu, kwa wembe na sindano za kushirikiana, na kwa kujamiiana. Mtu mzima aliyeambukizwa mara nyingi mwili wake hukishinda kirusi. Mtoto mchanga mara nyingi hakishindi. Kinakaa ndani ya ini lake maisha yote, kinaliwasha taratibu.

Sasa sikiliza kwa makini. Kirusi peke yake ni hatari. Sumu peke yake ni hatari. Vikikutana katika ini moja, hatari haijumlishwi tu, bali inazidishwa. Huko Uchina, katika mji wa Shanghai, wataalamu walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000 na kutoa taarifa yao mwaka 1994. Waliwalinganisha na watu wasio na sumu wala kirusi. Wenye dalili za aflatoksini peke yake, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa zaidi ya mara 3. Wenye kirusi peke yake, zaidi ya mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60.

Sumu inaharibu maneno ya barua. Uvimbe unalazimisha barua hiyo inakiliwe tena na tena. Ndiyo sababu hesabu inapanda namna hiyo.

Habari njema ni kwamba kirusi kina chanjo. Hapa Tanzania chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto tangu mwaka 2002. Mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ndugu yangu, mama akikuambia siku ya kliniki imefika, usimwambie asubiri palizi iishe.

Na kuiondoa sumu katika chakula kunasaidia kweli. Huko huko Uchina kuna mahali panaitwa Qidong. Zamani watu wake walikula sana mahindi, na saratani ya ini iliwaua wengi. Baadaye, katika miaka ya 1980, waliacha mahindi wakala wali. Aflatoksini katika miili yao ilipungua sana. Vifo vya saratani ya ini kwa vijana na watu wa makamo wa kwanza, walio chini ya miaka 35, vilipungua kwa zaidi ya nusu. Na hao walizaliwa kabla chanjo haijaenea huko.

Mimi sikuambii uache ugali. Nikisema hivyo nani atanisikiliza?

"WATOTO WALE NINI?"

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia nilikuwa nikieleza mambo haya chini ya mwembe. Mama mmoja akasimama. Akasema, "Bwana shamba, unasema mahindi mabaya tuyatupe. Mwaka huu nimepata magunia manne tu. Nikitupa, watoto wale nini?"

Swali hilo ni la haki. Mwenye njaa humwambii tupa chakula kisha ukapanda pikipiki ukaenda zako. Nilimwomba alete debe moja. Tulikaa watu watano tukachambua kwa mkono, punje kwa punje, juu ya ungo. Tulitoa zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizovunjika, na zilizosinyaa. Kazi ilichukua muda, sikatai. Mwishoni tulipima zile mbaya. Hazikufika vibaba viwili. Debe lake lilikuwa bado debe.

Hapo ndipo penye siri ya sumu hii. Haikai sawasawa katika gunia lote. Imejikusanya katika punje chache. Punje moja nzima inaweza kuwa haina kitu, na jirani yake ikawa na sumu ya kutia unga wote. Ukizisaga pamoja, umeitawanya sumu katika kila tonge. Ukiitoa ile mbaya kabla ya kusaga, umeondoa sehemu kubwa ya sumu kwa hasara ndogo. Sikusema umeiondoa yote. Punje nyingine zina sumu na zinaonekana safi. Lakini kati ya kuchambua na kutochambua, tofauti ni kubwa.

Na wale wanaouliza juu ya sembe na dona: kukoboa kunapunguza sumu, maana nyingi iko katika ganda na kiini. Lakini kunapunguza lishe pia. Dona ya mahindi mazuri ni chakula bora. Dona ya mahindi mabaya ni sumu yote bila kupungua. Chambua kwanza, kisha amua.

Basi, zile punje mbaya ziende wapi? Yule mama alikuwa ameshazitia kwenye kisado. Nikamuuliza, "Hizo unazipeleka wapi?" Akacheka. "Si nitapikia pombe?" Mzee mmoja akadakia, "Nipe mimi niwape kuku."

Hapana. Punje uliyoitoa mlangoni isirudi kwa dirisha. Sumu haifi katika pombe. Atakayekunywa ni mumeo, au jirani yako, na pombe yenyewe inaliumiza ini. Kuku wakila, hawakui vizuri, mayai yanapungua, na wengine wanafa. Bata ndio dhaifu kabisa. Ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu inatoka katika maziwa, na maziwa anakunywa mtoto. Pumba za mahindi mabaya ni vile vile. Zichimbie shimo mbali na nyumba, uzifukie.

Hata mama anayenyonyesha, akila sumu, kidogo hupita katika maziwa yake. Lakini asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu hiyo. Maziwa ya mama ni bora kuliko uji wowote. Asafishe chakula chake mwenyewe.

Hapa pana jambo linaloniuma. Uji wa lishe tunaowapa watoto wetu ni wa mahindi na karanga. Tunawapa kwa upendo. Kumbe hivyo ndivyo vyakula viwili ambavyo kuvu inavipenda sana. Kwa hiyo mahindi na karanga za uji zichambuliwe kuliko za watu wazima. Na pale inapowezekana, uji uwe wa mtama au uwele leo, kesho wa mahindi. Mtama na uwele kwa kawaida huwa na aflatoksini kidogo kuliko mahindi. Mlo wa mchanganyiko haukupi sumu ile ile kila siku.

KUZUIA NI SHAMBANI NA GHALANI

Vuna mahindi yakikomaa. Usiyaache shambani yanyeshewe. Yaliyoanguka chini yaweke kando. Usiyaanike juu ya ardhi tupu, maana mbegu za kuvu ziko kwenye udongo. Tumia turubai, jamvi au kichanja. Mvua ikitishia, funika.

Wakati wa kupukuchua, usiyapige kwa fimbo kwa hasira. Punje ikivunjika, kuvu inaingia kwa urahisi.

Utajuaje kama yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha kiganja kimoja. Tia chumvi kavu kijiko kimoja cha chai. Funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Angalia. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani. Isiponata, yamekaribia kufaa. Mimi huwaambia watu waongeze siku moja ya jua, kwa usalama.

Magunia yasigusane na sakafu wala ukuta. Panga mbao au magogo chini. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani, ni mizuri kwa sababu wadudu wanakosa hewa. Lakini usitie mahindi mabichi humo. Hapo utakuwa umeifugia kuvu.

Kwa karanga, kosa kubwa ninaloliona ni la kunyunyizia maji maganda ili yalainike wakati wa kumenya. Najua vidole vinauma. Lakini karanga ikishalowa, kuvu inapata unyevu iliyokuwa inautafuta. Zimenye zikiwa kavu, au vikundi vichange kununua mashine ndogo ya mkono. Kisha chambua. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi mbaya, au chungu mdomoni, usiimeze wala usiisage pamoja na nyingine. Wafanyabiashara wengine huziuza za namna hiyo kwa bei ya chini zikiwa zimeshasagwa. Heri ununue chache nzima ukasage mwenyewe.

Iko pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe. Ni kuvu ya jamii ile ile, lakini isiyotoa sumu. Inamwagwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa eka. Inawahi nafasi na kuisukuma nje ile mbaya. Muulize bwana shamba wako kama inapatikana katika wilaya yako.

Msikubali maneno ya watu wanaouza chupa za "kusafisha ini." Sumu iliyokwisha kuharibu barua ya seli haioshwi kwa mizizi. Na mtu akivimba tumbo msikimbilie kusema amerogwa.

Mtu akiwa na macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika na kuchoka sana, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Wakiugua wawili au watatu katika nyumba moja, acheni kula unga uliopo. Msiutupe wote. Chukueni kikombe kimoja cha unga na kikombe cha mahindi yake, mfunge kila kimoja katika mfuko wa karatasi, mwandike jina la kaya na tarehe. Mmpe mganga wa zahanati. Tena mmwarifu afisa mtendaji wa kijiji, ili majirani walionunua gunia kwa mtu yule yule wapate habari kabla hawajapika chakula cha jioni.